Ushahidi wa Mgonjwa Usitupwe



Wazee wetu walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wakasema tena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno haya twayasema kila siku, na hapana mtu anayeyapinga. Tukitaka habari za bahari twamwuliza nahodha, wala hatumwendei mtu aliyeiona bahari kwa mbali akiwa juu ya kilima. Tukitaka kujua uchungu wa uzazi twawauliza kina mama. Tukitaka kujua njaa ni nini, twamwuliza aliyelala nayo. Lakini likija suala la maradhi ya akili, hekima yote hii twaikunja na kuiweka kabatini. Hapo aliyelala kitandani hukatazwa kusema habari za kunguni, na anayesikilizwa ni yule aliyesimama mlangoni na daftari mkononi.

Kwa nini? Kwa sababu, twaambiwa, huyu ni mwenda wazimu, na neno la mwenda wazimu halina uzito. Akisema ameonewa, ni maradhi yanasema. Akisema dawa yamdhuru, ni maradhi yanasema. Akinyamaza, husemwa kwamba amepata nafuu. Basi hebu tujiulize, msomaji: mtu huyu atawezaje kushinda kesi ambayo kila neno lake limekwisha kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake?

Makala haya yanadai jambo moja tu, nalo ni hili: mtu aliyeugua akili ana elimu ambayo wengine hawana, na elimu hiyo ina haki ya kuandikwa, kupimwa na kufuatwa kama elimu nyingine yoyote. Mwenye kuikataa hatetei elimu. Anatetea kiti chake.

MTAFITI MWENZA NI NANI?

Kuna kazi ambayo wengi wetu hatujaisikia. Anayeifanya huitwa mtafiti mwenza. Ni mtu ambaye yeye mwenyewe amepitia maradhi ya akili, amelazwa, amemeza dawa, amejua maana ya mlango unaofungwa kwa nje; kisha akajifunza kazi ya utafiti na kuwaendea wagonjwa wenzake kuwauliza, kuyakusanya majibu yao, kuyahesabu na kuyaandika. Haji kutibu, wala haji kuwa mfano wa kuhurumiwa. Amekuja kutafuta ukweli kwa njia ambazo watafiti wote huzitumia, lakini akitoka upande ule wa kitanda ambao watafiti wengine hawajapata kuulala.

Mtu mwepesi wa kucheka atacheka. Atasema: “Leo wendawazimu nao watatufundisha?” Naam, watatufundisha. Na kabla hajamaliza kicheko chake, na asikilize kwanza yaliyotokea zamani, wakati watu wenye akili timamu walipoachiwa peke yao kuandika habari za wazimu.

WALIOANDIKWA BILA YA KUULIZWA

Mwaka 1851, katika Marekani ya kusini, daktari mmoja aitwaye Samuel Cartwright alitangaza kwamba amegundua ugonjwa mpya wa akili. Ugonjwa huo huwapata watumwa weusi, na dalili yake ni moja: mtumwa hutoroka kwa bwana wake. Daktari huyo aliupa jina la Kigiriki, drapetomania, akaeleza na namna ya kuuzuia, na miongoni mwa njia hizo ilikuwa mjeledi. Msomaji, zingatia jambo hili. Mtu anayekimbia minyororo ndiye aliyeitwa mgonjwa, na mwenye kuishika minyororo hiyo ndiye aliyehesabiwa kuwa mzima. Lau angeulizwa mtumwa mwenyewe kwa nini anakimbia, ugonjwa huo ungekwisha kwa jibu moja. Lakini hakuna aliyemwuliza.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1860, katika jimbo la Illinois, mchungaji mmoja wa kanisa alimtia mkewe, Elizabeth Packard, katika hospitali ya wendawazimu. Kosa la mama huyu lilikuwa kuhitilafiana na mumewe katika mambo ya itikadi na kusema hadharani. Sheria ya jimbo hilo ilimruhusu mume kumfungia mke wake bila ya kesi ya wazi ambayo wengine walistahiki. Akakaa humo miaka mitatu. Hatimaye, mwaka 1864, shauri lake lilipofika mbele ya wazee wa baraza, iliwachukua dakika saba tu kukata kwamba ni mzima. Miaka mitatu ya kifungo, na dakika saba za kusikilizwa! Bibi Packard hakurudi nyumbani kukaa kimya. Aliandika aliyoyaona humo ndani, akawaendea watunga sheria, na mwaka 1867 Illinois ikapitisha sheria iliyotaka mtu asifungiwe ila baada ya shauri mbele ya baraza. Huyo ni mama ambaye maneno yake yalihesabiwa kuwa ni wazimu.

Na tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa kwetu Afrika Mashariki, daktari mmoja aitwaye J. C. Carothers alikuwa msimamizi wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa taarifa aliyoiandika juu ya Mau Mau. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wamewekewa kodi na vipande vya kuvaa shingoni. Daktari akatazama, akaona kwamba shina la ghasia ni matatizo ya nafsi ya watu waliochanganyikiwa na mabadiliko. Na dawa mojawapo aliyoiunga mkono ni kuwakusanya watu katika vijiji vya kusimamiwa.

Sasa twauliza: ni nani aliyekuwa na elimu ya kweli juu ya hali ya Kenya mwaka 1954? Ni daktari mwenye kitabu, au ni mama aliyefukuzwa shambani kwake? Jibu twalijua sote, kwa kuwa sisi ni watoto na wajukuu wa walioandikwa bila ya kuulizwa. Basi yatupasa tuwe wa mwanzo, wala si wa mwisho, kufahamu dhulma ya mtu kuelezwa na wengine huku mdomo wake umezibwa.

Wala hatusemi kwamba madaktari wote ni Cartwright. Wako waliofungua milango. Mwaka 1954 huohuo, kule Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa Aro katika vijiji, pamoja na jamaa zao, wakala, wakalima na kutibiwa katikati ya watu. Tofauti kati ya madaktari hawa wawili haikuwa katika shahada zao. Ilikuwa katika jambo moja: mmoja alimtazama mgonjwa kama kitu cha kuelezwa, na mwingine alimtazama kama mtu mwenye kwao.

MGONJWA ALIYERUDI NA MASWALI

Tuje sasa kwenye maisha ya mtafiti mwenza mmoja, ili hoja isibaki hewani.

Kule Uingereza alitokea mwanamke msomi aitwaye Diana Rose. Alikuwa katika kazi ya chuo, akaugua, na katika miaka ya 1980 maradhi yakamtoa kazini. Kwa watu wengi hadithi ingeishia hapo, na ndivyo jamii ilivyotarajia: mgonjwa ale dawa zake, apokee posho yake, asisumbue watu. Yeye hakuishia hapo. Miaka ya 1990 alikuwa katika kituo kimoja cha London kilichoshughulikia afya ya akili, akiongoza kazi ya namna mpya: wagonjwa wenyewe walifundishwa kutunga maswali, wakaenda kuwahoji wagonjwa wenzao majumbani na hospitalini juu ya huduma wanayoipata. Mwaka 2001 katika chuo cha King's College London kikaanzishwa kitengo cha utafiti ambacho waliotumia huduma za akili ndio watafiti, naye alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Na mwaka 2013 akapewa cheo cha uprofesa wa utafiti unaoongozwa na wagonjwa, cha kwanza cha namna hiyo duniani.

Lakini sisi hatumsifu mtu kwa sababu ya cheo. Vyeo ni vingi na faida ni chache. Tutazame kazi yenyewe.

Kuna matibabu ya kupitisha umeme kichwani, ambayo siku hizi mgonjwa hufanyiwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Yapo maradhi mazito ambayo madaktari huona yanapata nafuu kwayo, na wako wagonjwa wanaoshukuru kuyapata. Kwa muda mrefu chama kikuu cha madaktari wa akili Uingereza kiliwaambia wagonjwa kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 huridhika na matibabu haya, na kwamba kupoteza kumbukumbu si jambo kubwa. Wagonjwa wengi walisema vinginevyo. Wakaambiwa yale yale: ni maradhi yanasema.

Diana Rose alikuwa amepitia matibabu hayo mwenyewe. Hakupiga kelele barabarani. Yeye na wenzake, miongoni mwao mgonjwa mwingine na wataalamu wasio wagonjwa, walikusanya tafiti 35 zilizokwisha kufanywa: 26 za madaktari, na 9 zilizofanywa na wagonjwa au kwa kushirikiana nao. Wakazipanga, wakazilinganisha, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo katika jarida la madaktari wenyewe, British Medical Journal. Wakaonyesha kwamba kiasi cha wagonjwa waliosema wamepoteza kumbukumbu moja kwa moja ni kati ya 29 na 55 katika kila 100. Wakasema wazi kwamba ile kauli ya watu 80 kuridhika haina msingi.

Na hapa ndipo penye fundisho kubwa, msomaji. Kwa nini madaktari walipata jibu moja na wagonjwa wakapata jingine? Je, madaktari walisema uongo? La. Walikuwa wakiuliza maswali machache, mara tu baada ya matibabu, humohumo hospitalini, na mara nyingi mwulizaji ni daktari aliyetibu. Sasa fikiri. Wewe umelala wodini, ufunguo wa kutoka uko mfukoni mwa mtu fulani, naye anakuja kukuuliza: “Je, umeridhika na huduma yangu?” Utamjibu nini? Utamjibu kama mgeni anayeulizwa na mwenyeji wake iwapo chakula kina chumvi ya kutosha. Kadhalika, vipimo vya hospitali vilipima iwapo mgonjwa aweza kukumbuka mambo mapya anayofundishwa leo. Lakini wagonjwa walikuwa wakililia mambo ya jana: harusi ya mtu, utoto wa watoto wake, safari aliyosafiri na mamake. Kipimo hakikuona hasara hiyo kwa kuwa hakikuitafuta, na hakikuitafuta kwa kuwa aliyekitunga hakupata kupoteza kitu hicho.

Mwaka 2005 wakaongeza utafiti mwingine, wakakuta kwamba kiasi cha theluthi ya wagonjwa waliona hawakukubali matibabu hayo kwa hiari yao, hata pale walipokuwa wametia sahihi karatasi ya kukubali. Sahihi iko, hiari haiko! Mtu mwenye kusoma karatasi peke yake atasema kila kitu kiko sawa. Mwenye kujua namna karatasi inavyotiwa sahihi wodini ndiye atakayeuliza swali la pili.

Matokeo yakawa nini? Mwaka huohuo wa 2003 chombo cha serikali kinachotoa miongozo ya tiba huko Uingereza kilitoa mwongozo uliobana matumizi ya umeme huo, na ushahidi wa wagonjwa ulikuwa miongoni mwa mambo kiliyoyazingatia. Matibabu hayakupigwa marufuku. Yaliwekewa mipaka, na wagonjwa wakawa na haki ya kuambiwa ukweli kabla ya kuamua. Hiyo ndiyo faida ya kumpa mgonjwa kalamu.

HOJA ZA WANAOPINGA

Haki ya mpinzani ni kusikilizwa, hasa katika makala yanayodai watu wasikilizwe. Basi tuzitazame hoja zake.

Hoja ya kwanza husema: mtafiti aliyeugua ana upande, hawezi kuwa mwadilifu. Tunasema: ndiyo, ana mahali anapotazamia. Na daktari je, anatazamia angani? Naye ana mshahara, ana jina la kulinda, ana chama chake, na pengine utafiti wake umelipiwa na kampuni inayouza dawa ileile anayoipima. Hatusemi kwamba kwa hiyo maneno yake yatupwe. Twasema kwamba mizani haikai sawa kwa kuondoa kitanga kimoja na kukiacha kingine. Na uadilifu wa utafiti haumo katika moyo wa mtafiti, ambao hapana anayeujua ila Mwenyezi Mungu. Umo katika njia aliyoifuata. Tafiti 35 zinahesabika. Mwenye shaka na ahesabu upya.

Hoja ya pili husema: huenda akaugua tena. Naam, huenda. Na mwalimu wa hesabu huenda akaugua malaria, na hakimu huenda akaugua moyo. Tumepata kusikia hakimu anayenyimwa kazi maisha yake yote kwa kuwa mwaka fulani alilazwa kwa shinikizo la damu? Mgonjwa anapougua hupumzika, na anapopona hurudi kazini. Sheria ya dini yetu imemwondolea mwenye wazimu lawama ya anayoyatenda wakati akili imemwondoka. Lakini kumwondolea mtu lawama ni rehema kwake. Sisi tumeigeuza rehema hiyo kuwa hukumu, tukamwondolea na haki ya kusema hata siku ambazo akili yake iko timamu kuliko ya kwetu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nasi twaikubali nusu yake. Husema: mgonjwa mmoja si wagonjwa wote. Ni kweli. Profesa wa London hajui aliyofungiwa kijana wa kijiji cha Kilwa. Mgonjwa aliyesoma si sawa na asiyesoma, mwanamke si sawa na mwanamume, na tajiri akiugua hapelekwi pale anapopelekwa maskini. Lakini hoja hii inadai nini? Inadai watafiti wenza wawe wengi zaidi na watoke mahali pengi zaidi. Haidai wasiwepo. Na ndiyo maana tunasema utafiti, hatusemi hadithi ya mtu mmoja. Mwenye kusimulia yaliyompata ametoa ushahidi wake. Mwenye kwenda kuuliza watu mia yaliyowapata ametoa elimu.

TUSIJISIFU KWA MAJENGO YA MABABU

Sisi wengine tuna ugonjwa wetu maalumu, nao ni kujisifu kwa waliotangulia. Likitajwa suala hili, mara mtu husimama akasema: sisi tulikuwa na hospitali za wagonjwa wa akili zamani, wakati watu wengine wakiwachoma moto. Ni kweli kwamba Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo mwaka 1284, na wenye maradhi ya akili walikuwa na mahali pao humo. Ni kweli kwamba Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya mwili na nafsi pamoja, akawalaumu matabibu wanaotibu mwili na kuisahau nafsi. Haya ni mambo ya fahari.

Lakini Qalawun hayupo. Tuliopo ni sisi. Na katika nyumba zetu leo mna nini? Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo, likakuta jambo hilo katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Wamo waliofungwa kwenye miti, katika mabanda na katika nyumba za waombeaji na waganga. Wanaowafunga si maadui zao. Ni baba, ni kaka, ni mama anayelia huku akifunga kufuli, kwa kuwa hospitali iko mbali, dawa haipo, na jirani amesema kijana ana shetani. Hatuwalaumu hao kama tunavyomlaumu jabari. Twasema tu kwamba mtu aliyefungwa hapo anajua jambo ambalo serikali, hospitali na msikiti haujui: anajua mwaka wa kwanza nani aliacha kuja kumtazama, na ni neno gani lingemtuliza usiku ule alipofungwa. Ni nani amekwenda kumwuliza?

HESHIMA YA UONGO

Sasa tuwageukie marafiki, kwa kuwa rafiki wa uongo huharibu kuliko adui.

Siku hizi imekuwa fasheni kusema “tumewashirikisha wagonjwa.” Kamati ya watu kumi na wawili huundwa, kumi na mmoja wana vyeo, mmoja ni mgonjwa. Huitwa kwenye mkutano maswali yakiwa yamekwisha kutungwa na fedha zimekwisha kugawanywa. Huombwa asimulie yaliyompata, watu hutoa leso wakafuta machozi, picha hupigwa. Wenzake hulipwa mshahara. Yeye hupewa soda na ahsante. Kitabu kikitoka, jina lake liko ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo, au halimo kabisa. Kisha huulizwa: “Mbona hukushukuru?”

Kumchukulia mtu maisha yake ukayafanya shahada yako ni kumnyang'anya mara mbili. Maradhi yalimchukulia kazi. Nawe umemchukulia hata maradhi. Basi iwe wazi kipimo chetu: mtafiti mwenza ni yule anayelipwa kwa kazi yake kama mwingine, jina lake likaandikwa juu ya kazi yake, na akawa na sauti tangu siku ya kuchagua swali. Pasipo na mambo matatu haya, pana pambo tu, hapana ushirika.

Na swali la kuchagua swali si dogo. Mfano: mgonjwa ameacha kuja kuchukua dawa. Mtafiti wa kawaida huandika: “Mgonjwa ni mkaidi, hafahamu maradhi yake.” Mtafiti aliyekuwa mgonjwa humwuliza: “Nauli ya basi ulikuwa nayo?” Humwuliza tena: “Dawa ile ulikuwa ukiimeza na chakula, au ulikuwa ukiimeza na njaa?” Hapo ndipo utagundua kwamba jambo lililoitwa ukaidi lilikuwa umaskini, na lililoitwa maradhi ya ubongo lilikuwa pia deni, kodi ya nyumba, kipigo cha mume, shamba lililoporwa. Afya ya akili na haki katika jamii haviachani. Mwenye kutibu kichwa cha mtu na kumrudisha katika dhulma ileile iliyomvunja ni kama mwenye kufuta maji sakafuni huku bomba linamwaga.

WAJIBU WETU

Isidhaniwe kwamba haya hayawezekani kwetu. Kule Harare, mtaa wa Mbare, tangu mwaka 2006 wamekuwako kina bibi wa kawaida, wasio madaktari, wanaokaa kwenye mabenchi nje ya zahanati wakiwasikiliza watu wanaosumbuliwa na hali ambayo Washona huiita kwa maneno yao wenyewe kuwa ni kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na kuanzia mwaka 2018 Kampala na Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa miji sita ya dunia iliyoshiriki utafiti mmoja wa kuwatumia watu waliopona, au wanaoendelea kupona, kuwasaidia wagonjwa wenzao. Njia imeanza kukanyagwa.

Na sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, umewaingiza na wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na unazitaka serikali ziwashauri wenyewe, kupitia jumuiya zao, katika mambo yanayowahusu. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kenya ikarekebisha sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikatamka kwamba kifungu cha kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na katiba. Serikali zimekwisha kutia sahihi. Lakini tumekwisha kuona, msomaji, kwamba sahihi yaweza kuwapo na hiari isiwepo.

Basi twadai nini? Vyuo vyetu vinavyotuma wanafunzi kuandika juu ya wagonjwa na viwafundishe wagonjwa nao kuandika. Hospitali na ziache kuwauliza watu wodini iwapo wameridhika. Ziwatume waliokwisha kutoka wakawaulize majumbani kwao, kisha majibu yasifichwe. Serikali, ambazo kwa wastani duniani hutenga kiasi cha shilingi 2 tu katika kila shilingi 100 za afya kwa ajili ya akili, na ziwaite wenye kuumwa katika kuamua hizo 2 ziende wapi. Na wenye kutoa fatwa na mawaidha, kabla ya kusema ni jini au ni mtihani, na wakae kwanza saa moja na mwenye kusibiwa wakamsikilize.

Wala hatumwambii mgonjwa yeyote atupe dawa zake wala amwache daktari wake. Asifanye hivyo. Twamwambia daktari asimwache mgonjwa wake nje ya mlango wa elimu.

Ama wewe, ndugu msomaji, hujaachwa. Katika ukoo wako yuko mtu ambaye jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Pengine yuko chumba cha uani. Pengine amepona zamani, lakini kwenye kikao cha familia hapewi nafasi ya kusema, na akisema watu hutazamana. Unajua habari zake zote kutoka kwa wengine. Nenda kamwulize yeye. Mwulize yaliyompata, kilichomdhuru, na kilichomsaidia. Kisha, na hili ndilo zito, ukisikia jambo usilolipenda, hata likiwa juu yako mwenyewe, usiseme ni maradhi yanasema.